Unafuta kache kila asubuhi na bado simu inazima jioni? Soma hii kwanza

KILA asubuhi kabla ya kuwasha pikipiki, mdogo wangu alikuwa na ibada yake. Anasimama pale getini, helmeti kwapani, anafungua mipangilio ya simu, anaingia kwenye apu moja baada ya nyingine akifuta kache. TikTok, futa. WhatsApp, futa. Facebook, futa. Ramani, futa. Dakika kumi zinaenda hivyo. Kisha anatoka Pipeline kuelekea Kilimani kusaka oda za kwanza, roho imetulia kwamba leo chaji itamfikisha usiku.

Alhamisi moja haikumfikisha. Saa kumi na mbili jioni, akiwa amebeba chakula cha mteja kando ya Ngong Road, simu ilizima ghafla ikiwa bado imeandika asilimia 23. Jina la jengo lilikuwa ndani ya simu. Namba ya mteja, ndani ya simu. Ramani, ndani ya simu. Hata pesa ya mafuta ilikuwa M-Pesa. Alimwomba mlinzi wa jengo fulani amchajie kidogo, na ilipowaka alikuta oda imefutwa, alama zake zimeshushwa na bei ya chakula inakatwa kwenye malipo yake.

Na hiyo simu ndiyo tu alikuwa amemaliza kuilipia. Ni zile za kuchukua kwa deni, unatuma kitu kidogo kila siku, usipotuma inajifunga yenyewe. Amelipa zaidi ya mwaka mzima, imekuwa yake kwa mwezi mmoja, halafu inamfanyia hivyo barabarani.

"Bro, na nilikuwa nimefuta kache asubuhi," aliniambia usiku ule, kama mtu aliyesali na bado akaibiwa.

Nilicheka, lakini kwa uchungu, kwa sababu hata mimi nilikuwa nikifuta. Ushauri huu uko kila mahali: kwenye video fupi, kwa fundi wa kona, kwa yule binamu anayejua kompyuta. Simu ikichoka, futa kache. Chaji ikiisha haraka, futa kache. Tulikaa chini wikendi hiyo, mimi na yeye na simu yake mezani, tukaanza kuuliza swali ambalo tungeuliza zamani: kwani kache inakula chaji kivipi?

Jibu fupi ni kwamba hailii. Kache ni vitu ambavyo apu imeviweka pembeni ili isivitafute tena: picha za watu kwenye WhatsApp, vipande vya video ulizotazama, sehemu za ramani unazopita kila siku. Vinalala kwenye hifadhi ya simu, mahali palepale zinapokaa picha zako. Kitu kilicholala kwenye hifadhi hakihitaji umeme ili kikae hapo. Ndiyo maana ukizima simu mwezi mzima halafu ukaiwasha, picha zako unazikuta.

Fikiria chai ya kwenye thamosi. Ukishaichemsha na kuifunga, haitumii gesi tena, hata ikikaa hadi saa kumi. Sasa mtu anakuja kila asubuhi, anaimwaga yote "ili tuokoe gesi", halafu mgeni akibisha hodi inabidi uwashe jiko upya. Hivyo ndivyo mdogo wangu alivyokuwa akifanya kabla ya kila safari. Akifika Kilimani, ramani inaanza kupakua upya mitaa ileile ya jana. Facebook inavuta picha zilezile. Prosesa inafanya kazi, redio ya simu inaongea na mnara, na vyote hivyo vinakula chaji. Vinakula bando pia. Kumbe alikuwa akilipa mara mbili kwa kitu alichokuwa nacho bure.

Sasa, si kwamba waliotuambia tufute kache walikuwa wanatudanganya. Kuna historia. Kama una kaka au dada mkubwa aliyemiliki Huawei IDEOS, ile Android ya bei nafuu iliyojaa mikononi mwa Wakenya miaka ya 2011 hivi kwa takriban Sh8,000, muulize. Hifadhi yake ilikuwa ya kuhesabu kwa megabaiti. Ukiweka apu chache tu, simu inalalamika imejaa, inakwama hata kupokea ujumbe. Kufuta kache wakati huo kulikuwa sawa na kufungua dirisha kwenye chumba chenye moshi. Simu ikawa nyepesi, na mtu akiona simu nyepesi anahisi hata chaji imekaa. Mazoea hayo yalibaki wakati simu zenyewe zilishabadilika.

Hata leo kuna siku ya kufuta. Hifadhi ikijaa hadi pomoni, simu inakuwa nzito kweli, na hapo kache ya apu kubwa moja au mbili itakupa nafasi ya kupumua, ingawa mara nyingi mzigo wenyewe ni video za magrupu ya WhatsApp, ambazo kufuta kache hakuzigusi. Ingia WhatsApp kwenyewe, kwenye sehemu ya kusimamia hifadhi, uone grupu la harusi iliyopita limekukalia gigabaiti ngapi. Siku nyingine ya kufuta ni pale apu moja imeanza wazimu baada ya kusasishwa: inajifunga, inajaribu kupakia kitu kilekile bila kufaulu, simu inapata joto ikiwa mfukoni. Faili iliyoharibika kwenye kache inaweza kusababisha hilo, na kufuta kache ya apu hiyo moja, si zote, kunaweza kulimaliza. Hapo chaji nayo inapona. Ila hiyo ni tiba ya ugonjwa fulani. Mdogo wangu alikuwa akiimeza kama chai ya asubuhi.

Halafu kuna apu za kusafisha. Yeye alikuwa nayo moja, ile ya rangi ya kijani yenye ufagio, inayokuonya kila saa kwamba simu yako "ina taka" na ukibonyeza inakuonyesha tangazo kabla ya kufagia. Tulipofungua orodha ya matumizi ya betri, apu hiyo ilikuwa ya tatu. Ya tatu! Juu ya WhatsApp. Kazi yake kuu ilikuwa kukaa macho usiku na mchana ikitafuta taka na kuleta matangazo. Na si tatizo la simu moja. Februari 2020 Google iliondoa karibu apu 600 kwenye duka lake kwa sababu ya matangazo yanayoruka kwenye skrini ya mtu bila mpango. Apu ya ufagio tuliing'oa siku hiyohiyo.

Ndugu yake kache ni ile tabia ya kufagia apu zote zilizo wazi, unapandisha kidole juu, zinaruka moja baada ya nyingine. Inaridhisha, sitakataa. Lakini mwaka 2016 wakuu wawili wa kampuni zinazotengeneza mifumo yenyewe, Craig Federighi wa Apple na Hiroshi Lockheimer aliyekuwa akisimamia Android kule Google, walisema kwamba kufanya hivyo hakuokoi chaji. Apu iliyo nyuma mara nyingi imegandishwa. Ukiiua, utakapoifungua tena inaanza safari kutoka mwanzo, na mwanzo ndio unaokula nguvu. Android yenyewe, tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015, ina utaratibu wa kuzilaza apu simu ikiwa imetulia mezani bila kuguswa. Ukifagia kila dakika tano unaiharibia mpango.

Basi chaji inaenda wapi?

Ukurasa wa betri kwenye mipangilio unajibu swali hilo, na inashangaza ni wangapi kati yetu hatujawahi kuufungua. Kwa mdogo wangu, wa kwanza kwenye orodha ilikuwa skrini. Bila shaka. Mwendesha pikipiki anaweka simu juu ya usukani, jua la saa saba linapiga, mwangaza umepandishwa hadi mwisho ili aone ramani, na skrini haizimi kuanzia asubuhi. Hakuna kache duniani inayoweza kushindana na hiyo.

Watu hukimbilia skrini nyeusi hapo, ile hali ya giza, na inasaidia, ila kwa masharti. Kwanza inategemea kioo chako. Kwenye skrini za AMOLED kila nukta inajiwashia taa yake, kwa hiyo nukta nyeusi imezima kabisa. Kwenye LCD, ambazo bado ziko kwenye simu nyingi za bei ya chini, taa ya nyuma inawaka hata picha ikiwa nyeusi tititi, na huokoi kitu. Pili inategemea mwangaza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue kule Marekani walipima jambo hili mwaka 2021 kwenye simu za skrini ya aina hiyo ya kwanza. Mwangaza ukiwa kati ya asilimia 30 na 50, kama wengi wetu tukiwa ndani ya nyumba, hali ya giza iliokoa wastani wa asilimia 3 hadi 9 tu. Mwangaza ukiwa mwisho kabisa, ikaokoa asilimia 39 hadi 47. Kwa hiyo wewe uliye kitandani na mwangaza umeshushwa, hiyo skrini nyeusi inakusaidia macho zaidi ya betri. Mtu wa boda aliye juani ndiye anayefaidika, kama simu yake ina kioo hicho. Ya mdogo wangu haina. Alichofanya ni kuzima ramani kwenye barabara anazozijua kama kiganja chake na kuiwasha akiingia mtaa mgeni. Ngong Road anaijua tangu alipokuwa utingo, ramani ya nini?

Kitu cha pili kilitushangaza zaidi, na nadhani ndicho kinachowauma wengi mjini bila kujua. Mtandao dhaifu. Simu ikiwa mbali na mnara, au ikiwa imezungukwa na saruji, inaongeza nguvu ya kutuma ili isikike, kama mtu anayepiga kelele kwenye matatu yenye muziki. Ikipoteza mtandao inautafuta, inaupata, inaupoteza tena. Mdogo wangu anakaa chumba cha chini kwenye ghorofa za Pipeline, unajua zilivyobanana kule, ukuta unaangaliana na ukuta. Alama ya mtandao huwa ni kijistari kimoja. Alikuwa akilala na simu ikiwa na chaji nzuri na kuamka ikiwa imeshuka vibaya, akiilaumu TikTok. Kumbe simu ilikuwa ikipiga kelele usiku kucha.

Ukitaka kuona hili mwenyewe, panda basi la mchana kwenda Mombasa. Kati ya Mtito Andei na Voi kuna vipande ambavyo mtandao unapotea na kurudi. Hata usipoishika simu, ukifika utakuta imeshuka kuliko siku nzima ya kukaa mahali penye mnara wa karibu. Mahali kama hapo, kama huna haja ya kupigiwa, hali ya ndegeni inafanya zaidi ya ufagio wowote. Nyumbani, ukiwa na Wi-Fi, itumie badala ya bando, kwa sababu redio ya Wi-Fi ya chumba kimoja haihitaji kupiga kelele. Na kama una simu ya 5G katika mtaa ambao 5G inakuja na kuondoka, irudishe 4G iache kurukaruka. Hotspoti sitaizungumzia sana. Ukiwashea marafiki watatu hostelini ukitegemea chaji ikae, hilo umelitaka mwenyewe.

Lakini yote haya hayakueleza kwa nini simu ilizima ikiwa na asilimia 23. Hapo ilibidi twende mjini.

Luthuli Avenue siku ya Jumamosi unaijua: spika zinashindana, kila mlango una mtu anayekuita. Fundi tuliyemwendea, tuliyeelekezwa na jirani, hakuuliza hata maswali mengi. Aliifungua simu kwa nyuma, akaigeuza betri kwenye mwanga.

"Buda, hii imechoka. Ona ilivyovimba."

Ilikuwa imeanza kufura kidogo, kama andazi. Betri za simu zetu ni za lithiamu, aina ambayo Sony ilianza kuiuza mwaka 1991, na huzeeka kwa kemia, upende usipende. Kila chaji kamili inapunguza kitu. Chaji kamili hapa maana yake ni jumla ya asilimia 100, hata ukiila vipandevipande: nusu leo, nusu kesho, hiyo ni moja. Apple inasema betri za iPhone 14 na zilizotangulia zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya chaji kamili 500, na zile za iPhone 15 baada ya 1,000. Umoja wa Ulaya nao, tangu Juni 2025, unataka simu mpya zinazouzwa huko zifikishe 800 kabla ya kushuka chini ya hapo.

Sasa piga hesabu ya mtu wa boda. Anatoka na chaji kamili, saa saba anaongeza kwenye hoteli anapokula, saa kumi na mbili anaomba tena. Huyo anapita chaji moja kwa siku. Chaji 500 zinaisha kwa mwaka na kidogo. Yaani betri inachoka wakati uleule deni la simu linapoisha. Sisemi kuna mtu alipanga hivyo. Nasema tu hesabu inagongana vibaya, na hakuna anayekuambia siku unapoweka sahihi.

Joto ndilo linaloharakisha. Apple huonya kwamba kutumia simu mahali penye joto zaidi ya nyuzi 35 kunaweza kuharibu betri moja kwa moja, na simu iliyo juani kwenye usukani, huku ramani inawaka na inachajiwa kwa waya wa pikipiki, inapata joto kuliko hilo bila shida. Kuilaza chini ya mto ikichaji ni dhambi ya ukoo huohuo. Na ile imani ya kuiacha ifike sifuri ndipo uchaji ni ya betri za zamani za nikeli. Lithiamu haipendi sifuri. Inapenda katikati, ndiyo maana simu nyingi siku hizi zina mahali pa kuiambia iishie asilimia 80.

Betri iliyozeeka ina tabia nyingine. Simu ikihitaji nguvu nyingi kwa ghafla, kama kamera, ramani na simu inayoingia vyote pamoja, betri inashindwa kuitoa na mfumo unazima hata kama kuna asilimia zimebaki. Hiyo ndiyo hadithi iliyoitia Apple matatani Desemba 2017 ilipokiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye betri chakavu ili zisizime hivyo bila kuwaambia wenyewe. Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25 mwaka 2020. Kumbe wengi waliodhani wanahitaji simu mpya walihitaji betri tu.

Fundi alituletea betri mbili. Moja imeandikwa uwezo wa mAh 5,000, sawa na ile iliyotoka. Nyingine, umbo lilelile, uzito mdogo, imeandikwa 6,000.

"Na hii ya elfu sita?" nikamuuliza.

"Hiyo ni ya wale wanaopenda namba kubwa, mkubwa," akasema bila kuinua macho.

Tulichukua ya 5,000, tukaandikiwa risiti yenye muda wa kurudi ikisumbua, na tukasimama pale hadi alipofunga skrubu ya mwisho. Mkienda kwa fundi, msiende kunywa chai simu ikiwa wazi. Na kama betri yako imevimba, acha kuichaji leo, usiibonyeze wala kuitoboa kuona kuna nini ndani. Kuna moto.

Siku hizi mdogo wangu anafika saa mbili usiku na kitu kimebaki. Si muujiza, bado anaongeza kidogo mchana. Ila zile dakika kumi za getini zimerudi mikononi mwake, na bando lake la wiki halimalizikii Ijumaa.

Kuna hasara moja ambayo betri mpya haikuirudisha. Kabla ya haya yote, mwezi uliotangulia, aliamua kumsaidia mathe "kusafisha simu". Mathe anauza mitumba Gikomba, na wateja wake waliokopa alikuwa ameandika kwenye apu ya kumbukumbu: jina, nguo gani, kiasi gani. Ukifungua apu kwenye mipangilio, kuna vitufe viwili vinavyokaa karibu kama mapacha. 'Clear cache' hufuta ile chai ya thamosi. 'Clear data', ambayo simu nyingine huiita 'Clear storage', huondoa kila kitu ulichoweka humo, kana kwamba apu imeingia simuni sasa hivi. Kwa WhatsApp utaanza kujisajili upya, na ujumbe ambao haukuwa kwenye bakapu ndio basi. Simu ikamuuliza kama ana uhakika. Alikuwa na haraka. Akakubali.

Apu ile haikuwa imeunganishwa na akaunti yoyote. Mathe hakupiga kelele. Alinunua daftari la kurasa 96 na kuanza kuandika upya anaowakumbuka. Wateja wawili walimjia wenyewe na pesa. Wa tatu, wa makoti matatu ya watoto, anasema alishalipa zamani, aangalie tu kwenye simu yake.